Kijiti cha Wamuyu

Harufu ya ngozi ya mbuzi iliyolowa mvua na jasho bado hunijia puani hata nikiwa jikoni kwangu, miaka mingi baada ya kuuacha mukwa. Mukwa ni ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wa kwetu walifungia kuni, wakaupitisha juu ya paji la uso, mzigo ukalala mgongoni. Ukanda mpya ulikuwa mgumu kama gome na ulikata ngozi. Ukanda wa zamani ulikuwa laini na ulinuka kichwa cha mwenyewe. Alama yake ninayo hadi leo, bonde dogo juu ya nyusi, na wajukuu wangu hupenda kuingiza kidole humo kama watu wanaopima kina cha shimo. Huniuliza kama iliuma. Huwaambia waende wakachote maji.

Msimu ninaousema ulikuwa wa baridi, mwezi wa saba, wakati ukungu unaposhuka asubuhi juu ya vijiji vya Tetu na kukaa hadi saa sita, kama mgeni asiyejua kuaga. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mzazi hakutoka kwenda kutafuta kuni. Moto ndio uliokuwa dawa yake: moto wa maji, moto wa uji, moto wa kukaushia vitambaa vya mtoto ambavyo jua lilikataa kuvikausha. Nyumba yenye mtoto mchanga hula kuni kama ng'ombe alavyo majani. Basi muhula huo niliiacha shule nikiwa darasa la tatu, na kusema kweli sikurudi sana baadaye, nikawa mtu wa kuni. Nyuma yangu alinifuata mdogo wangu Wamuyu, wa miaka sita, na mukwa wake mdogo uliokatwa kutoka kwenye mabaki ya wangu. Kila Jumamosi mama aliniambia akiwa kitandani, mtoto kifuani: "Wangui, usimwondolee macho. Huko wewe ndiye mimi."

Aliyetuongoza alikuwa shangazi yetu, dada ya baba, tuliyemwita Tata. Aliolewa, akarudi nyumbani kwa sababu hakujaliwa mtoto, akajengewa nyumba ndogo kando ya boma la mbuzi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Kazi ya kutupeleka msituni ndiyo iliyompa heshima kijijini. Wanawake wenye watoto wanane au tisa walimkabidhi wasichana wao, na siku hiyo moja ya juma hakuna aliyemkumbusha habari za tumbo lake. Alitutembeza kwa mstari, kwa ukimya, panga mkononi, akitufundisha msitu. Hili ni jani la kuwasha, pita mbali. Hii ni njia ya ndovu, usikae. Na lililo kubwa kuliko yote: ukisikia harufu ya ng'ombe mahali pasipo na ng'ombe, funga mdomo, kwa maana huyo ni nyati, na nyati hafukuzwi kwa kelele, huitwa kwa kelele.

Sasa mtauliza, mtu anajuaje kwamba wasichana aliotoka nao ndio anaorudi nao? Kwetu watu hawahesabiwi. Ukinyoosha kidole ukasema huyu wa kwanza, huyu wa pili, unakionyesha kifo pa kuanzia. Hata kumi hatukuitaja tukisema habari za watu. Tulisema tisa iliyojaa. Kwa hiyo wanawake wa kijiji chetu walikuwa na njia yao. Pale msitu ulipoanzia palikuwa na mti mkubwa wa muiri, gome lake jeusi limepasuka kama kisigino cha mkulima. Kila aliyeingia alivunja kijiti akakiweka katikati ya mizizi. Kila aliyetoka aliokota chake. Tata alikuwa wa mwisho kupita. Akiona mizizi mitupu, tulishuka nyumbani. Akiona kijiti kimebaki, kuna mtu ndani. Kila msichana alikuwa na namna yake ili vijiti visichanganyike. Changu nilikimenya gome kikawa cheupe. Cha Wamuyu kilikuwa kidogo kama cha kuchokolea meno, na nchani alikiachia jani moja, ati ndiyo kofia yake. Sheria ilikuwa moja tu, na Tata aliirudia mpaka tukaichoka: "Hakuna mtu wa kuokota cha mwenzake. Hata awe ni pacha wako. Hata awe amevunjika mikono yote miwili."

Wazee wetu husema hakuna siku inayokucha kama nyingine. Ile Jumamosi ilikucha kama nyingine zote. Ukungu ulikuwa mzito, tukaingia msituni tukiwa tunamwona aliye mbele tu na aliye nyuma tu. Tuliokota matawi makavu ya mtarakwa, tukayakatakata, tukafunga mizigo. Ikaja kazi ya kutwikana. Mzigo wa mgongoni mtu hajitwiki peke yake. Unaketi chini ukiuegemea, unavuta mukwa hadi kichwani, halafu mwenzako anakushika mikono anakuvuta mpaka usimame. Kinu huinuliwa na wengi, hata wakiwa wadogo. Wairimu, msichana mkubwa wa jirani, alinivuta mimi, nikasimama. Wamuyu alikuwa ameshaketi tayari nyuma ya kichaka, mukwa kichwani, mikono ameinyoosha kwangu. "Nitwike," akasema. Hapo ndipo ilipokuja ile harufu. Harufu ya zizi, ya mkojo na majani yaliyotafunwa, nzito, ya karibu, na hapakuwa na zizi hata moja kabla ya kufika mtoni.

Tata aliinua panga juu bila kusema neno. Hiyo ilikuwa ishara: ondokeni sasa, midomo imefungwa. Harufu ilitoka upande wa njia yetu ya kila siku, kwa hiyo yeye akatangulia kutufungulia njia nyingine kwa panga, akijua kwamba kila mkubwa yuko na mdogo wake. Nilimwinamia Wamuyu nikamnong'oneza, "Ngoja hapo, nakuja." Nadhani nilitaka Wairimu anisaidie kumvuta. Lakini Wairimu alikuwa ameshageuka, na migongo ya wengine ilikuwa ikimezwa na ukungu mmoja baada ya mwingine, na miguu yangu ikaifuata migongo. Nimejaribu mara nyingi kuikumbuka siku ile kwa namna itakayonifaa. Nimejaribu kukumbuka kwamba mtu alinisukuma. Hakuna aliyenisukuma.

Tulipofika kwenye muiri, Tata alisimama hatua chache kutoka mtini, ametupa mgongo, uso wake umeelekea msituni na panga limeinuliwa, ili chochote kitakachotufuata kimkute yeye kwanza. Wasichana walikunja magoti na mizigo yao, wakanyakua vijiti, wakashuka. Nilifika karibu na mwisho. Mizizini vilikuwa vimebaki viwili: changu cheupe, na kile chenye kofia. Wadogo wawili walikuwa wameokota vyao wakakatiza njia ya bondeni, nilikuwa nimewaona. Nikajiambia kwamba Wamuyu ametoka nao, kwamba ni hofu iliyomsahaulisha kijiti chake. Nikajiambia kwamba nikikiacha, Tata atarudi mle ndani kwa nyati bure, na kijiji kizima kitasema Wangui hajui kulea. Nikaokota vyote viwili. Nyuma yangu nilisikia Tata akija, akasimama, akatazama mizizi. Ilikuwa mitupu. Akashusha panga.

Kutoka muirini hadi mtoni ni mwendo wa kumaliza nyimbo nne za kanisani. Sikuimba hata moja. Viganja vilikuwa vimelowa, vijiti vimenishika kama vina gundi, na kila mti wa kando niliutazama kama nitamwona mtoto mwenye mzigo mdogo akichomoza nyuma yake. Mtoni ndipo tulipozoea kuegesha mizigo na kunywa maji. Wale wawili wa njia ya bondeni walikuwa wamefika, wameketi juu ya jiwe, wananawa miguu. Walikuwa wawili tu.

"Kadogo kako kako wapi?" Wairimu akaniuliza, maji yakimtiririka kidevuni.

"Kako nyuma."

"Nyuma wapi, na Tata ndiye wa mwisho?"

Niliingiza mkono majini kama ninayenawa, nikaviachia vijiti. Cheupe kilizunguka kidogo kikaenda. Kile chenye kofia kilinasa kwenye jiwe, nikakisukuma kwa kidole. Ndipo nikasema. Nikasema, "Tata, Wamuyu hayuko." Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile niliiona ndefu kuliko njia zote nilizowahi kupita.

Tata hakunipiga. Heri angenipiga. Alivua mukwa wake, akauacha mzigo ukaanguka chali, akamwambia Wairimu awapeleke wengine nyumbani bila kusimama. Kisha akanishika kifundo cha mkono, tukapanda. Mvua ndogo ya baridi ilikuwa imeanza, ile isiyolowesha haraka lakini huingia hadi mfupani. Kwenye muiri alisimama, akachutama, akaipapasa mizizi kwa mikono yote miwili, hata pale chini ambapo macho hayafiki.

"Kijiti chake kiko wapi?"

"Sijui, Tata. Pengine alikiokota mwenyewe."

Alinitazama. Alitazama uso wangu, kisha akatazama mkono wangu wa kulia, ule niliouingiza mtoni. Tukaingia.

Hakuna kazi ngumu kama kumtafuta mtoto usiyeweza kumwita. Tata aligonga ubapa wa panga kwenye shina mara tatu, akangoja. Mlio ule Wamuyu aliujua. Msitu ulitupa matone ya maji tu. Tukaenda tena, akagonga tena. Harufu ilianza kuturudia, kwanza kama fikira, kisha kama mtu aliyesimama chumbani. Tata akanikandamiza begani nikachutama. Mbele yetu, kama hatua thelathini, palikuwa na kitu nilichodhani ni mwamba, mpaka mwamba ukapuliza pumzi na mvuke ukapanda. Alikuwa peke yake, dume zee, pembe zimekaa juu ya kichwa kama nywele zilizogawanywa katikati. Na ng'ambo yake, kando ya kile kichaka, niliona nguo ya Wamuyu. Alikuwa ameketi palepale nilipomwacha, mukwa kichwani, mgongo kwenye mzigo, hatazami nyuma. Nyati alikuwa nyuma yake.

Sijui tulikaa pale muda gani. Najua siafu walinipanda mguuni wakaniuma hadi pajani na sikuthubutu kujikuna. Mkono wa Tata ulikuwa begani mwangu. Niliomba Wamuyu asigeuke. Niliomba asilie, asikohoe, asiniite. Dume lilitafuna. Lilimtazama yule mtoto, au lilitazama kuni, nani ajuaye nyati anatazama nini. Kisha likaugeuza ule mwili wote polepole, likaondoka likivunja matawi, na mlio wa matawi ukaenda ukififia mpaka ukabaki ule wa matone.

Wamuyu hakulia alipotuona. Midomo ilikuwa imemgeuka rangi kwa baridi. Alinitazama mimi, hakumtazama Tata, akasema, "Ulisema unakuja." Kisha akanyoosha mikono kama mwanzo. "Nitwike." Tata alimwambia aache kuni, akakataa, ati mama hana moto. Tata akambeba mtoto kifuani na ule mzigo mdogo mgongoni, tukatoka hivyo.

Jioni ile nyumba yetu ilijaa wanawake. Mama alikuwa ameketi kitandani amemkumbatia Wamuyu na mtoto mchanga pamoja, anatazama ukutani. Mmoja wa wanawake aliuliza imekuwaje, na vijiti je? Tata alikuwa mlangoni, nguo zinamtiririka maji. "Ni mimi," akasema. "Sikutazama chini ya mti vizuri." Basi. Mimi nilikuwa karibu na moto, hatua tatu kutoka kwake, na mdomo nilikuwa nao. Mama mmoja ambaye Tata alikuwa amewapeleka binti zake wanne msituni bila hata mwiba kuwachoma, akatema mate kwenye majivu na kusema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Jumamosi iliyofuata tulipelekwa na mwanamke mwingine. Tata hakupewa tena mtoto wa mtu, hata wa kumtuma dukani. Alikaa na mbuzi zake mpaka mvua za vuli, kisha akaenda upande wa Kangema kuchuma majani chai, akaishi huko, akazeekea huko, akazikwa huko. Nilienda mazishini. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wanne. Nilitupa udongo wangu kaburini, nikanywa chai, nikarudi nyumbani kabla ya giza. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini wengine wetu hata kilio tulikificha.

Mwaka huu, shule zilipofungwa mwezi wa nane, mjukuu wangu aliyepewa jina langu aliniambia, "Shosho, tunakupeleka matembezi." Nikamuuliza matembezi ya kwenda kuchukua nini. Akacheka. Ya kutembea tu. Alikuwa amemwita na Wamuyu kutoka Timau, anakoishi na mwanawe anayefanya kazi kwenye shamba la maua. Tukaenda, vijana wanane na wazee wawili. Kumbe wanatupeleka msitu wetu ule ule. Siku hizi ni hifadhi. Una lango, una vibao vya mishale, na nyati wamewekwa upande wa pili wa uzio wa umeme. Watoto walikuwa na viatu vya kupandia milima na chupa za maji, kwa mwendo ambao sisi tuliutembea pekupeku na mzigo. Sikusema kitu. Nilisema kidogo.

Aliyetuongoza alikuwa msichana mmoja, Nekesa, baba yake ni polisi aliyeletwa Nyeri kutoka Bungoma. Langoni alitunyooshea kidole mmoja mmoja. "Moja, mbili, tatu..." Nikamshika kile kidole.

"Mwanangu, watu sio mbuzi."

"Shosho, nisipowahesabu, nitajuaje nani amebaki?"

"Zamani tulijua."

"Na hamkupoteza mtu?"

Aliuliza kwa upole, hakuwa na nia mbaya. Nikamwachia kidole. Akaendelea mpaka kumi, akaiandika kwenye mkono wake kwa kalamu.

Msitu ni mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Tulitembea hadi maporomoko ya maji, tukala mayai na viazi vitamu, vijana wakapiga picha, tukageuka. Muiri bado uko. Umewekewa kibao chenye jina lake. Wamuyu aliketi juu ya mizizi, magoti yake yamekuwa mabaya, akasema wengine watangulie, lango si liko hapo tu. Nilisimama mbele yake. Nilikuwa nimevunja kijiti njiani bila kujua, nimekimenya kikawa cheupe.

"Wamuyu," nikasema, "siku ile kijiti chako nilikiokota mimi. Tata alitazama vizuri. Hapakuwa na kitu cha kuona."

Alikichukua kile kijiti mkononi mwangu, akakigeuzageuza.

"Sasa mimi unaniambia ya nini?" akasema. "Mimi nilipatikana. Ni Tata ungemwambia."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Ulikuwa na miaka kumi." Akaniinulia macho. "Na ulipokuwa na arobaini?"

Nilikitazama kibao cha muiri. Ninapoandika haya naona kwamba kidole cha Nekesa, ambacho nilikidharau, hakuna mtoto mwoga anayeweza kukiokota na kukitupa mtoni. Njia yetu ilikuwa nzuri mradi kila mtu ni mkweli, na Tata aliiamini mpaka ikamla.

Kule langoni nilisikia sauti ya Nekesa ikihesabu. Ikafika nane, ikasimama. Ikaanza upya, kwa haraka zaidi. "Nane! Jameni, wako nane! Wazee wako wapi?" Kisha viatu vikija mbio juu ya changarawe.

Wamuyu alikiweka kijiti mizizini, akaninyooshea mikono yote miwili. "Haya, nitwike." Nikamvuta. Ni mzito sasa, na mimi sina nguvu, ilitubidi tujaribu mara mbili. Aliposimama hakuniachia mkono. Nikapaza sauti, katika msitu ambamo nilifundishwa kunyamaza, nikamnyooshea dada yangu kidole kama ambavyo sijawahi kumnyooshea mtu aliye hai.

"Tisa ni huyu!" nikaita. "Kumi ni mimi!"